Mkoma wa Lodwar Ulinifunza Kutunza Maji

Msomaji mpenzi, huenda wakati huu unaposoma gazeti lako, ufagio umekwisha kupita uani. Majani yamekusanywa pembeni, moshi unafuka, na mtoto ametumwa kuleta mpira wa maji ili maua yasikauke. Sikulaumu. Hata mimi nililelewa hivyo hivyo. Kwetu, ua lililofagiliwa hadi udongo ukang'aa ndilo lililokuwa dalili ya nyumba yenye adabu.

Ilinibidi nihamishiwe Lodwar ndipo nikatambua kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikichoma maji.

Nilikwenda huko kufundisha. Kwa wale ambao hawajafika, Lodwar ni mji wa Turkana ulio kando ya mto Turkwel. Mvua yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na hata hiyo huja kwa kishindo siku chache, laga zikafurika, kisha zikarudi kuwa mchanga mtupu. Mchana joto hupita nyuzi 35 bila kuomba radhi, na upepo nao hauna likizo.

Nyumba niliyopanga ilikuwa na mkoma mmoja mkubwa uani. Mkoma ni jamaa ya mnazi, ila shina lake hugawanyika, na majani yake yametawanyika mfano wa upepeo. Waturkana huuita eng'ol. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima na mikono yangu haijui kukaa bure, nilipanda vichipukizi viwili vya mtende karibu na ukuta, na kando yake nikalima tuta la kunde na sukuma wiki.

Maji ya bomba yalikuja siku yalipotaka. Siku nyingine tulinunua kwa mtungi wa lita 20. Kila jioni nilimwaga mitungi miwili bustanini, na kesho yake kabla ya adhuhuri udongo ulikuwa umekauka kama jivu. Mke wangu alinitazama tu. Siku moja akauliza, "Baba Fulani, hivi sisi tunakula kunde au tunanywesha jua?"

Rafiki yangu mmoja aliyesomea kilimo alipopita nyumbani alicheka. "Mwalimu," akaniambia, "ardhi yako iko uchi. Ivishe." Alikuwa na maana ya matandazo, yaani majani, nyasi au makapi yanayotandazwa juu ya udongo ili jua na upepo visiufikie moja kwa moja. Maji hubaki chini, mizizi hukaa kwenye ubaridi, magugu hukosa mwanga, na majani yenyewe yakioza huwa mbolea. Jambo rahisi kabisa. Lakini rahisi kusema si rahisi kutenda, na mimi nilikosea mara tatu.

Kosa la kwanza lilikuwa nyasi. Nilizitandaza jioni, na asubuhi zilikuwa zimenaswa kwenye ua la jirani. Upepo wa Turkana haukopeshi mtu nyasi.

Kosa la pili hata leo hunitia haya. Nilichukua panga, nikaenda ukingoni mwa laga penye mikoma michanga, nikaanza kukata majani mabichi. Mama mmoja jirani yetu alikuwa akipita na mtungi wake. Akautua. Akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hizo unazokata si nyasi. Huo ni unga wa watoto wangu."

Nilisimama na panga mkononi kama mwizi aliyefumaniwa. Mama yule akanieleza kwamba majani machanga ya mkoma, yale ambayo hayajafunguka, ndiyo miyaa. Huchanwa, hukaushwa, husukwa vikapu na mikeka, na vikapu huuzwa mjini. Matunda yake huliwa na watu, hasa kiangazi kikiuma, na mbuzi nao hupata sehemu yao. Isitoshe, kila shina la mkoma lina kitovu kimoja tu cha kukulia. Ukikata moyo huo, shina limekufa. Mimi niliyejiona msomi nilikuwa nikiua meza ya watu ili kuvisha tuta langu la sukuma wiki.

Nilimwomba radhi. Hakunigombeza tena. Siku mbili baadaye alinijia na gunia begani. Ndani mlikuwa na mabaki ya ususi: vipande vya miyaa, vijiti, na makuti makavu yaliyoanguka yenyewe. "Haya ndiyo yako," akasema. "Sisi huyachoma." Tangu siku hiyo tukawa na mkataba usioandikwa. Yeye aliniletea mabaki, nasi tulimpelekea kunde.

Kosa la tatu liligharimu maisha ya mti. Nilisikia kwamba matandazo ni mema, nikadhani mengi ni mema zaidi. Nikachanganya makuti na samadi mbichi ya mbuzi, nikarundika kuzunguka mitende yangu hadi mashina yasionekane, na kila jioni nikaunywesha mrundo huo maji. Baada ya miezi michache mtende mmoja ulianza kuwa njano katikati. Nikavuta jani la moyoni, likang'oka bila ubishi, likitoa harufu ya kuoza. Nilipofukua, mchwa walikuwa wamekwisha kujenga mji wao. Na kama hiyo haikutosha, tuta zima lilichipua mathenge! Ule mti wa miiba ulioletwa nchi kavu miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, mbuzi hula maganda yake, na mbegu hupita tumboni zikiwa hai. Nilikuwa nimeipanda mathenge kwa mikono yangu mwenyewe.

Mtende wa pili niliuokoa kwa kuondoa mrundo na kuacha shina lipate hewa.

Baadaye nilialikwa na mwalimu mwenzangu huko Todonyang, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Ethiopia, si mbali na pale mto Omo unapoingia Ziwa Turkana. Ziwa lile lina maji ya magadi, na hata visima vifupi vya ufuoni huonja chumvi. Mwenzangu alikuwa na kitalu kidogo cha kunde. Upande mmoja ulikuwa wazi, na udongo wake ulikuwa na ukoko mweupe. Maji yanapopanda juu na kukaushwa na jua, chumvi hubaki. Upande wa pili alikuwa ameufunika kwa mikeka iliyochakaa, akaigandamiza kwa mawe. Huko ukoko ulikuwa haba, na kunde zilikuwa kijani. Matandazo hayaondoi chumvi, lakini huipunguzia safari ya kupanda juu.

Wahenga walituusia tusiache mbacha zetu kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Pale Todonyang niliuona ukifanya kazi hata baada ya kukataliwa na kila mgongo.

Njiani kurudi kwangu likizoni nilipitia Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Huko niliona familia zilizopanda mboga katika magunia na katika vitalu vilivyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, zikivinywesha maji yaliyooshea vyombo. Mtu aliyepoteza karibu kila kitu hamwagi kikombe cha maji ovyo.

Sasa, msomaji, wewe unayeishi Nairobi, Mombasa, Nakuru au Dar es Salaam, una mnazi, mtende au mti wa mapambo wa jamii hiyo mbele ya nyumba. Usingoje kuhamishiwa Turkana. Fanya hivi.

Kwanza, ng'oa magugu na uunyweshe udongo kabla ya kuufunika. Ukifunika udongo mkavu, umefunika ukavu. Pili, katakata makuti makavu vipande vifupi. Ni magumu na huoza polepole, nayo ni sifa, kwani hudumu. Tatu, tandaza unene wa vidole vinne hivi, wala si zaidi. Nne, na hili nalisema nikiukumbuka mtende wangu, acha nafasi ya angalau shibiri moja kuzunguka shina, pabaki wazi. Kidonda cha miti ya jamii hii hakifungi kama cha mwembe, kwa hiyo usiuoze na usiukwaruze kwa jembe. Tano, penye upepo weka mawe juu. Sita, samadi iivishe kwanza kwenye lundo lililofunikwa, na mche wowote wa miiba ukichipua, ung'oe ungali mdogo. Saba, inua matandazo mara kwa mara uangalie mchwa, na usiyasogeze karibu na jiko.

Na hayo majani yaliyo na ugonjwa? Hayo ndiyo uyatoe shambani.

Kwangu, mitungi miwili ya kila jioni ilipungua ikawa mitungi miwili kila baada ya siku tatu. Mke wangu hakuuliza tena tunanywesha nani. Maji yaliyobaki yalipikiwa, yakafuliwa, na siku bomba lilipogoma kabisa, jirani zetu wawili walichota kwetu.

Nilihamishwa kabla mtende wangu haujazaa. Asubuhi ya kuondoka, yule mama alikuja kutuaga na kikapu kidogo cha miyaa alichokisuka mwenyewe. Kipo hadi leo, juu ya kabati. Wageni hukisifu kwa uzuri wake. Mimi nikikitazama hukumbuka panga langu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha kiberiti pale pembeni mwa ua, yatazame vizuri hayo majani, halafu uutazame mti ulioyadondosha. Huenda ulikuwa ukijitandikia.