Siku 19 za Kalamu

Kwa siku 19 mfululizo niliandika 0.5 kwenye daftari la tangi bila kupima chochote. Nalitanguliza hilo ili msomaji asihangaike kunitafutia udhuru.

Tangi liko nyuma ya nyumba ninayoishi hapa Ruziba, mjini Bujumbura, hatua chache kutoka barabara ya Rumonge. Ni la plastiki nyeusi, lita 5,000, limekalishwa juu ya jukwaa la matofali. Maji ya Regideso, shirika la maji, kwetu huja usiku wa manane, yakija. Tunayakinga yakiwepo, na alfajiri familia 14 zinapanga bido, madumu yao ya njano, kwenye robine ya chini. Asiye na tangi la kuchotea anateremka ziwani Tanganyika, na ziwa tunalijua: ukanda huu wote, toka Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, kipindupindu kinaondoka na kurudi. Tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko mwingine, safari hiyo humu humu mjini. Ndiyo maana majirani walitaka mtu wa kupima maji kila siku, wakanichagua mimi. Nikafundishwa kwa siku mbili, nikakabidhiwa kijisanduku chenye vichupa, kipimio cha rangi na pakiti ya vidonge.

Kazi yenyewe haifiki dakika tano. Unafungua robine, unaacha maji yatoke kidogo, unasuuza kichupa, unakijaza hadi kwenye alama, unatumbukiza kidonge bila kukigusa kwa vidole, unatikisa. Klorini ikiwemo, maji yanageuka waridi, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo waridi linavyokolea. Kisha unalinganisha na rangi za pembeni, karatasi nyeupe ikiwa nyuma ya kichupa. Pale watu wanapochotea, kipimo kisishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Mwalimu wetu alikazia jambo moja linalotuhusu sisi wa huku: maji ya Tanganyika, ambayo ndiyo tunayoletewa bombani, yana magadi, pH yake inakaribia 9, na ndani ya maji ya namna hiyo klorini inaua vijidudu polepole. Kiasi kinachotosha kwingine, kwetu ni cha mashaka. Ningependa kusema sikulijua hilo. Nililijua, na nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lile lile.

Nilianza kuteleza kidogo kidogo. Usiku maji yakija nilikuwa macho tayari, nikaona nipimie pale pale kwenye bomba la kuingizia, asubuhi niwahi kazini. Pale waridi lilikuwa zuri kila mara. Lakini maji yanayoingia siyo yanayonywewa. Klorini inaliwa ndani ya tangi: joto linakula, tope lililotuama chini linakula, utando wa ukutani unakula, na maji yakilala siku mbili bila kuongezwa mapya inaweza kwisha kabisa. Nilikuwa napima mlango na kuiacha nyumba. Baadaye vidonge vikaanza kupungua. Nikajiambia nivitunze, maana namba ni ile ile kila usiku. Nikaandika 0.5. Kesho yake tena 0.5. Ikafika mahali naandika siku tatu kwa mkupuo, huku nikibadilisha kalamu, mara ya buluu, mara nyeusi, ili mistari isifanane. Mtu anayebadilisha kalamu anajua anachokifanya.

Siku ya 19 alikuja jirani tunayemwita Mama Mapacha. Watoto wake ni Bukuru na Butoyi, kama wanavyoitwa mapacha wa Burundi tangu enzi na enzi.

"Baba, maji yako salama kweli? Butoyi anaharisha tangu jana."

"Tazama mwenyewe, Mama," nikamjibu, nikamfungulia daftari.

Akapitisha kidole kwenye mistari, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake. Akasema, "Asante, Baba." Akachota bido mbili.

Kidole kile ndicho kinachonirudia usiku. Alikuja kuuliza swali la mama, nami nikamnyamazisha kwa karatasi.

Jioni Bukuru naye akaanza, wakapelekwa kituo cha afya. Kipimo cha kipindupindu hakikuonyesha kitu. Walipewa maji ya chumvi na zinki, na siku ya nne walikuwa uani wakikimbizana. Siwezi kuapa kwamba tangi ndilo lililowaumiza. Mtoto wa miaka miwili anatia mdomoni kila anachookota. Lakini bido zile mbili zilitoka mkononi mwangu.

Usiku ule nilichukua kidonge, nikaenda kwenye robine ya chini na tochi ya simu. Nikatikisa, nikangoja, nikatikisa tena. Maji yakabaki meupe. Kulipokucha tuliegemeza ngazi. Kifuniko kilikuwa na ufa unaoingia kidole, na vumbi la barabarani limejipanga ukingoni. Nikaingiza mkono hadi begani, nikapapasa ukuta: ulikuwa unateleza kama ngozi ya kambare. Tope la chini lilikuwa la kijivu, laini, linanuka majani yaliyooza.

Tulimwaga yote, tukasugua, tukajaza maji ya klorini kali, tukayaacha yalale humo usiku kucha, tukamwaga tena. Kifuniko tukanunua kipya. Kazi hiyo ilikuwa nyepesi kuliko kuwakusanya watu wa familia 14 na kuwaambia kwamba daftari lilikuwa uongo. Mzee mmoja aliinuka akaondoka bila kusema neno. Nilipiga mstari mwekundu juu ya siku zote 19, na chini yake nikaandika kipimo cha usiku ule: 0.

Mama Mapacha hakunitukana. Aliuliza tu kama yeye anaweza kufundishwa kupima. Sasa kila alfajiri anakishika kichupa mwenyewe, anakiinua mbele ya karatasi, ananiambia namba, naandika. Jana alisema 0.3. Kisha akabeba bido yake nyumbani, akawasha mkaa, akachemsha.