Njia ya Maji Karagita

Mgeni akishuka matatu Karagita jioni, akawaona pundamilia wakila nyasi kando ya barabara, huenda zake akisimulia kwamba Naivasha ina wanyama tele. Sisi tuliokulia hapa tunajua kilichowaleta barabarani: hawana pengine pa kupita.

Mama aliajiriwa kwenye shamba la maua, ndiyo sababu tukaishi Karagita. Miaka ile ploti zilikuwa chache. Ukivuka barabara kuelekea upande wa Mlima Longonot ulikutana na leleshwa na migunga, na wakati wa kiangazi wanyama waliteremka kutoka huko kuja kunywa ziwani. Swala tomi walitangulia, pundamilia wakafuata. Kongoni walikuja nyuma, na mmoja wao alipenda kupanda juu ya kichuguu akawachungia wenzake. Giza likiingia Mama alitukataza kutoka nje kwa sababu ya nyati na viboko. Tulilala tukiwasikia viboko wakitafuna nyasi nyuma ya mabati.

Si bunduki iliyowaondoa kongoni hao. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, na Hell's Gate ikawa mbuga ya taifa mwaka 1984. Waliotega nyaya walikuwepo, nami siwatetei. Lakini nililoliona kwa macho yangu, mwaka hadi mwaka, ni ardhi kukatwakatwa. Shamba moja lilizungushwa seng'enge, jingine ua wa stima hadi karibu na maji. Ng'ambo ya barabara, eka ziligawanywa kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, na vyumba vya kupanga vikajengwa palepale kongoni walipokuwa wakipita. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mama alihitaji chumba, na maelfu waliokuja kutafuta kazi ya maua walihitaji pia.

Nilidhani ni mambo ya kwetu tu, hadi niliposoma utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake uliotoka 2016. Walipitia hesabu zilizofanywa kwa ndege tangu 1977 katika nyanda za malisho za Kenya, wakakuta wanyamapori wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Kongoni, swala tomi, pofu na ngiri wamo katika kundi lililoumia zaidi, la asilimia 72 hadi 88. Leo nikitaka kumwona kongoni, naenda Hell's Gate.

Viboko wamebaki, ila ujirani umekuwa mchungu. Mwaka 2020 ziwa lilifurika, likazifunika nyumba za mtaa wa Kihoto na kuzamisha malisho ya ukingoni, viboko wakasogea kwa watu. Kuna wavuvi waliouawa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa. Mjane anayeisubiri fidia hiyo haulizi kongoni walienda wapi, wala simlaumu.

Kati ya Longonot na Hell's Gate bado ipo ardhi ya Kedong, ambako wanyama wanapita. Reli ya kisasa, iliyofika Suswa mwaka 2019, imeshaikatiza. Wapimaji wa ardhi wakija huko na vigingi vyao, naomba njia ya wanyama ichorwe kwenye ramani kwanza, kabla ya ploti na kabla ya barabara, na ichorwe hadi majini.