Kutoka New Congo mpaka ziwani, watoto na simu moja



Mgeni akifika hapa Nakivale na kamera, watoto wetu wanamkimbilia. Anawapiga, anawaonyesha kidogo kwenye kioo, wanacheka, halafu picha zinaondoka naye. Wangu wawili, mmoja miaka 9 na mdogo miaka 6, wamepigwa hivyo mara nyingi, wala hatuna hata moja. Picha zetu za zamani zilibaki Uvira ndani ya sanduku, pamoja na ile ya marehemu baba yangu. Mdogo anauliza babu alifanana na nani. Namwambia, na mimi. Basi anakaa ananitazama.

Kule Uvira nilikuwa na kastudio, picha za pasipoti na za arusi. Hapa kazi hiyo sina, lakini Jumamosi tunachukua simu ya tachi ya mama yao, tunatoka.

Somo la kwanza halikutaka hata simu. Nyumba ya udongo ni kamera kubwa! Funga mlango, ziba dirisha kwa blanketi, acha katundu kamoja tu, kadogo kama haragwe, upande wa nje wenye jua kali. Tundika shuka jeupe ukutani ng'ambo yake. Ngojeni dakika chache macho yazoee giza. Mtaona mti wa nje juu ya shuka, rangi zake zote, lakini kichwa chini miguu juu. Mwanga unakwenda moja kwa moja: ule wa juu ya mti unapita kwenye tundu ukishuka, ule wa chini unapita ukipanda. Jirani alipita na jerikani, watoto wakamwona anatembea juu kwa juu kama popo. Walicheka mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini.

Tunaanza mapema, maana saa sita jua linakuwa utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Kila mtoto ana picha 5 tu, kwa sababu kuchaji ni pesa. Kukiwa na hesabu, mtoto anaangalia kwanza.

Ukitoka New Congo kwenda Base Camp, barabara ni vumbi jekundu, vilima viko mbali, na ng'ombe wa Ankole wanapita na pembe zao ndefu. Mkubwa alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka pembe zote mbili zikaingia. Mdogo hana habari na vilima. Picha zake ni magoti, kuku, sufuria, mkono wa mama anayegeuza mandazi. Simnyanyui. Ndiyo Nakivale ya kimo chake, mimi siioni.

Makao haya ni ya zamani kuliko wengi wetu. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Uganda yenyewe haijapata uhuru wa 1962, na waliofika kwanza walitoka Rwanda. Leo ukifika kwa Wasomali, Kiswahili kinaanza kupungua, unamalizia kwa mikono. Hapo watoto wamejifunza kuomba. Mama mmoja alikataa, wakashukuru wakaendelea. Mwingine, wa kwetu, alisema, "Ngojeni kwanza nifunge kitenge kizuri!" Tulingoja. Polisi na foleni ya chakula hatupigi kabisa.

Njiani huwa nawasimulia Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, vita vya Biafra vikamkuta Nigeria angali mtoto. Alihamia Bangui, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio. Filamu ikibaki nafasi, alijipiga mwenyewe amtumie nyanya yake Nigeria, amwone kwamba ni mzima. Picha hizo leo zinajulikana duniani. Mwaka 2014 nyumba yake Bangui iliporwa, negativu zikatupwa nje, wanahabari wakaziokota. Mkubwa hupenda hapo pa kuokota. Narudia.

Ziwani tunafanya filamu. Tunakaa mbali na mafunjo, kwa sababu ya viboko. Sheria ni moja: shika simu isitikisike, hesabu mpaka 50. Ndugu Lumière, walipoonyesha filamu zao kwa watu wa Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila moja haikufika hata dakika, na mojawapo ni mtoto mchanga analishwa na wazazi wake. Basi! Watu walilipa kuona hivyo. Mkubwa alichukua mvuvi akivuta mtumbwi. Ya mdogo ni maji tu, na sauti yangu nyuma: "Usisogee! Usisogee!"

Mpaka sasa tumetoa picha 4 kwenye karatasi, Mbarara, nikipata wa kumtuma. Zinakaa ndani ya nailoni moja na kadi ya chakula, kwa maana hicho ndicho kitu cha kwanza tunachoshika tukikimbia. Jirani yetu mzee, ambaye watoto wake wamepelekwa Marekani, amesikia. Amemwambia mkubwa aje Jumapili baada ya ibada, koti litakuwa limepigwa pasi.