Kombe Lililogeuka Jiwe

Kaka yangu ni baharia. Mwaka jana meli yake ilipitia Mahajanga, Madagaska, akarudi na zawadi ya watoto: kombe la bahari lililogeuka jiwe, limepasuliwa katikati na kung'arishwa kama kioo. Nusu alimpa mwanangu wa darasa la tano. Nusu ya pili akampa binti wa dada yangu, wa Pangani. Ndani yake kuna vyumba vidogo vidogo vilivyojiviringa kama donge la chapati kabla halijasukumwa.

Mnyama aliyeishi humo huitwa amonaiti, ndugu wa ngisi na pweza. Jamii yake ilitoweka wakati mmoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Hawa wa Mahajanga ni wa zamani zaidi, kama miaka milioni 110.

Likizo ya Juni mwanangu akaniambia anataka kuuza nusu yake anunue viatu vya mpira. Sikumkatalia, chake ni chake. Tulipokwenda Pangani kumchukua dada yake aje kwetu Tanga, tukapita kwa muuza vinyago mmoja. Mtoto akamwamkia, yule baba akaipokea, akaigeuza geuza.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Anaye dada."

"Basi mwanangu, hii siichukui. Hizi huuzwa jozi. Mnunuzi anataka azikutanishe aone ni kitu kimoja."

Ila alitueleza kazi yake, na hilo lilinifurahisha kuliko pesa. Jiwe likitoka shimoni halina sura, ukilikuta njiani utalipiga teke. Hupasuliwa kwa msumeno wa almasi huku maji yakimiminika kupoza na kuzuia vumbi. Kisha husuguliwa kwa msasa mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, na mwisho kwa unga laini na kitambaa. Zile rangi za asali ndani ya vyumba hazikupakwa na mtu: maji yenye chokaa yalipenya humo zamani, yakaacha fuwele.

Siku ya pili nikawapeleka wote wawili Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, barabara ya Horohoro. Mwongozaji akawaambia mawe yale ya chokaa yalikuwa sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Mwanangu macho yakamtoka. Akaomba kipande kimoja tu akakisugue nyumbani.

"Hapa hapavunjwi kitu, kijana. Ni urithi wa taifa. Kila mgeni akibeba kipande, wewe ungekuta nini leo?"

Akanuna hadi tulipotoka. Nikamwambia mawe ya chokaa ndiyo yanayochimbwa Pongwe kutengeneza saruji, kwa hiyo hata ukuta wetu wa Makorora una bahari ndani yake. Hakufarijika sana.

Jioni nikamkuta barazani anasugua kombe la ufukweni kwa msasa mkavu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nikamnyang'anya. Wazazi wenzangu, vumbi la kombe na la mawe si la kuvuta kifuani. Kama mtoto anataka kujaribu, mpe beseni la maji, asugue kombe na msasa vikiwa vimelowa, na mfunge kitambaa puani. Zile tindikali ambazo wengine husafishia makombe zisiingie nyumbani kabisa. Na achunguze kwanza kama ndani hakuna kaa aliyehamia. La kwake lilikuwa naye, tukalirudisha ufukweni kwa bodaboda, shilingi elfu mbili zangu zikaenda kwa kaa.

Binti alirudi Pangani Jumapili. Usiku wa kuamkia safari waliziunganisha nusu zao mezani, wakahangaika kuzilinganisha mpaka ule mstari wa katikati ukawa hauonekani vizuri. Asubuhi kila mmoja akachukua yake. Ya mwanangu iko juu ya kabati la televisheni. Viatu bado ananidai.