Nyumba ya Mgeni Mvita

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutamkwa kwa mzaha katika baraza nyingi za pwani, lakini ndani yake mna sheria. Mgeni hupokewa, hupewa maji ya kunawa na mahali pa kulaza ubavu. Kisha hutazamwa aonekane amekuja kufanya nini na ataishi vipi na jirani zake. Kupata nyumba katika mji wa kigeni, basi, ni safari ya hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kupata kuta na paa. Ya pili, iliyo ndefu zaidi, ni kupata ujirani.

Mnamo Mei 1844, mume na mke kutoka Ulaya waliingia Mombasa kutafuta yote mawili. Mume alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen, mmisionari aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Mke alikuwa Rosine Dietrich, aliyetoka Basel nchini Uswisi. Walikuwa wamefunga ndoa Misri mwaka 1842, na tangu siku hiyo hawakuwa wamepata mahali pa kupaita kwao.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mombasa haikuwa chaguo lao la kwanza. Krapf alikuwa ameishi Ethiopia kwa miaka kadhaa, akajifunza lugha za huko, kisha akafungiwa njia asirudi. Mwaka 1843 alijaribu kurejea akiwa na mkewe kupitia Massawa. Katika nyika ya huko Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi kwa lugha ya Kiamhari. Rosine alipoiona Mombasa kutoka baharini, tayari alikuwa ameacha kaburi moja nyuma yake, na alikuwa mja mzito kwa mara ya pili.

Bahari nayo haikuwapokea kwa upole. Jahazi la kwanza walilopanda kutoka Aden lilivuja maji hata wakakaribia kuzama, wakalazimika kuanza safari upya kwa chombo kingine. Januari 1844 walifika Unguja. Balozi wa Uingereza, Kapteni Atkins Hamerton, alimfikisha Krapf mbele ya Seyyid Said, mtawala wa Omani aliyekuwa amehamishia makao yake kisiwani humo. Seyyid Said alimpa barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee mgeni huyo wema na kumsaidia. Ilikuwa barua yenye uzito. Hata hivyo, barua ya mfalme humfungulia mgeni mlango wa mji tu. Milango ya watu hufunguliwa kwa ndani.

Mji wenyewe ulikuwa na majeraha yake. Ilikuwa imepita miaka saba tu tangu 1837, Seyyid Said alipouvunja utawala wa Mazrui na kuiteka Ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Askari wa mtawala mpya walikaa Ngomeni, na koo za Waswahili za Mataifa Kumi na Mawili ziliendelea na maisha yao chini ya macho hayo. Mgeni aliyekuja na barua ya Seyyid Said alikuwa, kwa hivyo, mgeni wa kuangaliwa mara mbili.

Anayepita leo katika Mji wa Kale anaweza kukisia walichokiona wanandoa hao walipokuwa wakitafuta makao. Nyumba za wenye mali zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kana kwamba vimekatwa kwa kipimo cha mti. Nje palikuwa na baraza, ambapo mgeni wa kiume aliketi na mazungumzo ya mji yakapita. Ndani palikuwa pa wanawake. Watu wa kawaida waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Mpango huo wa nyumba ulikuwa na lugha yake: ulimweleza kila aingiaye ni wapi asimame, ni wapi abishe hodi, na ni wapi asipige hatua nyingine.

Krapf alianza kujifunza lugha hiyo mara moja. Alikuwa anajua Kiarabu, na kwa Kiarabu hicho aliweza kuzungumza na wanazuoni wa mji. Tarehe 8 Juni 1844, wakiwa hawajatimiza hata miezi miwili mjini, alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Msomaji na atue hapa kidogo. Hakimu wa Kiislamu, mwenye dini yake na heshima yake, alimsaidia Mkristo mgeni kutafuta maneno ya kitabu chake. Kadhi huyo hakubadili imani yake, wala mgeni hakuibadili yake. Kilichopita baina yao kilikuwa maneno, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa jembe la siku ya tatu.

Lakini mwezi wa Mei huwa bado ni masika pwani, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Wakati huo hakuna daktari wa Ulaya aliyejua uhusiano wa mbu na homa. Ronald Ross aliugundua mwaka 1897. Wengi walidhani homa hutokana na hewa mbaya. Julai ilipoingia, homa iliingia nyumbani mwao. Krapf aliugua. Rosine naye aliugua, na katika hali hiyo akajifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki dunia. Hazikupita siku nyingi, mtoto naye akamfuata mama yake. Baba, ambaye homa ilikuwa imemwishia nguvu, alibaki peke yake katika nyumba aliyoitafuta kwa ajili ya watu watatu.

Rosine hakuzikwa kisiwani. Alivushwa maji hadi bara, upande wa Nyali, kwa kuwa alitaka kaburi lake liwe mahali ambapo watu wa bara wangelipita na kuliona. Hivyo aliyekuja kutafuta makao ndiye aliyetangulia kupata makao ya kudumu, na bintiye ubavuni mwake. Krapf aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara ya kazi iliyokwisha kuanza. Wapo watakaoyasoma maneno hayo kama ujasiri wa imani, na wapo watakaouliza kama mke na watoto wawili si gharama kubwa mno kwa ishara. Maswali yote mawili ni halali, na kaburi halimjibu yeyote.

Angeweza kuondoka, na asingelaumiwa. Alibaki. Miaka miwili akaishi hivyo, akisikiliza na kuandika, hadi Johannes Rebmann alipofika Juni 1846. Agosti ya mwaka huo wawili hao walihamia Rabai kwa ridhaa ya wazee wa huko. Nyumba ya Mombasa ikabaki nyuma. Mwaka 1853 Krapf aliondoka pwani kwa sababu ya afya, na nyumba ya Rabai nayo ikabaki nyuma.

Maneno hayakubaki nyuma. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapishwa Tübingen. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, miezi michache baada ya yeye kufariki Novemba 1881. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kamusi hiyo ina thamani ya pekee. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, kikasogezwa pembeni katika mji wake chenyewe. Lakini Kiswahili alichokisikia Krapf kabla ya usanifishaji kilikuwa cha Mvita: cha watu wasemao ndia pale wengine wasemapo njia, na mato pale wengine wasemapo macho, watu wamwitao mgeni kwa kumwambia ndoo.

Si kwamba mgeni huyu hakuwa na makosa. Aliipendelea hati ya Kirumi kuliko ile ya Kiarabu, ambayo Waswahili walikuwa wameitumia kwa karne nyingi kuandikia tenzi zao, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuuhofia Uislamu. Alikaa kwa majirani akitamani wawe watu wengine. Kasoro hiyo ni kubwa, na haifai kufunikwa kwa sifa za kamusi. Lakini haifai pia kusahau kwamba kila neno katika kamusi hiyo lilitoka kinywani mwa mtu: mchuuzi, mvuvi, mtumwa, mwanamke mchota maji, mzee wa Rabai. Wengi wao majina yao hayakuandikwa. Jina lililo kwenye jalada ni la mpangaji; wenye nyumba hawakutajwa.

Hapo ndipo penye funzo la kisa hiki. Leo wapo vijana wa Kenya wanaosoma katika miji ya Ujerumani, wakitafuta chumba cha kupanga huku wakiwa na barua ya chuo mkononi na lugha ngeni masikioni. Nao watajua kwamba barua haitoshi. Watahitaji jirani mmoja mwenye subira ya kuwarudilia neno mara ya tatu.

Kaburi la Rosine na bintiye bado liko Nyali, likitazamana na Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Pori lililolizunguka limegeuka mji. Wapita njia aliowatamani Rosine wamekuwa wengi, na wapitapo huzungumza, tena kwa lugha ile ile ambayo mumewe alikuwa ameanza tu kuitamka alipomzika.