Duka la Simu la Mtaa wa Aggrey

Juzi mjukuu wangu alipekua kasha langu la zamani, akatoa simu ya tochi, Nokia 1100, akaigeuzageuza kama aliyeokota kombe pwani. Na nilipomwambia kwamba za namna hiyo ziliuzwa zaidi ya milioni 250, akasema, kwa ile yakini ya vijana ambayo hunikera kuliko ujinga wenyewe, kwamba basi waliozitengeneza ni matajiri mpaka leo.

Nikamkumbuka marehemu mzee mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mwenye chumba chembamba cha kuuzia simu hizo, kilichonukia ubani wa asubuhi na risasi iliyoyeyushwa na fundi wake pembeni, hata mtu akitoka humo nguo zake zilimsimulia alikokuwa. Ninachokumbuka ni zahama ya wateja mlangoni, na mimi, niliyekuwa nikimwandikia hesabu kila Jumamosi, nikimpongeza kwa baraka ile, naye akinifunulia daftari pasi na kusema neno. Simu aliyoinunua kwa shilingi 48,500 aliiuza 50,000, kwa kuwa jirani wa kulia aliiuza hivyo hivyo, na wa kushoto alikuwa tayari kupunguza mia tano. Na siku mwizi alipochomoa moja tu mezani, ilimlazimu auze nyingine 33, kodi na ujira wa fundi vikiwa kando, ndipo afidie hasara ile.

“Watu ni wengi, mwanangu,” aliniambia akipuliza chai ya tangawizi, “ila riziki imekonda.”

Kilichomlisha ni makava, aliyoyanunua kwa mia tano na kuyauza elfu mbili, maana hapana aliyezunguka Kariakoo nzima kuulizia bei ya kitu kidogo namna ile.

Yaliyowafika wenye Nokia huko Ufini hayakuwa mbali na hayo, ila kwa tarakimu ndefu. Mafundi wa Shenzhen walipoanza kupata chipu za MediaTek ya Taiwan, zilizokuja na karibu kila kitu tayari, hata asiye na wahandisi wengi aliweza kuunda simu rahisi, na bei ikaporomoka. Huku Apple, iliyoleta iPhone mwaka 2007, ikiuza sehemu ndogo ya simu za dunia na kutwaa sehemu kubwa ya faida. Mwaka 2014 biashara ya simu ya Nokia ikawa mali ya Microsoft. Mwaka 2021 LG nayo ikatangaza kujitoa. Na bado kila kijana mwenye meza ya simu hutangaza mauzo yake kwa kipaza sauti, wala sijamsikia hata mmoja akitangaza kilichobaki.

Wiki iliyopita nilipita Aggrey. Mwanawe yule mzee yuko pale pale, chini ya taa nyeupe zinazoumiza macho, pasipo ubani wala risasi, na ukuta mzima umejaa makava. Nikamwuliza simu ziko wapi.

“Simu wanakuja nazo wenyewe, mzee wangu,” akanijibu.