Daftari Ndani ya Dashibodi

Mpwa wangu,

Hongera kwa gari. Umeniuliza swali moja fupi: Toyota IST hii ya mwaka 2006 itakufikisha miaka mitano ya kwenda na kurudi kazini? Ukaleta na ushahidi wako: imetembea kilomita 78,000 tu, fundi aliichomeka kompyuta na haikuonyesha kosa, na katika wiki sita tangu uanze kuiendesha haijakusumbua hata siku moja. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali ni zuri, ila ushahidi ulioleta unajibu swali jingine. Unaonyesha kwamba gari ni zima leo. Wewe umeuliza kama litakuwa zima mwaka wa tano, na mambo hayo mawili hayana mizani moja.

Tuanze na safari yako. Kibaha hadi Posta, Dar es Salaam, ni takribani kilomita 40. Kwenda na kurudi 80, siku tano kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, zinafika kilomita 20,000. Kwa miaka mitano ni 100,000. Wiki sita zako ni kilomita 2,400, yaani umesikia shahidi mmoja kati ya arobaini na tayari unataka kuandika hukumu. Tena shahidi huyo ana kasoro yake. Yanayoharibika mapema katika gari lililobadilisha mikono ni yale yaliyofungwa vibaya au yaliyokuwa mabovu tangu awali. Hayo hujitokeza katika miezi ya mwanzo, na ni kweli umeyavuka mengi. Lakini yanayoliua gari la umri huo huenda taratibu: pete za pistoni, mipira ya maji, oili ya gia boksi, beringi, rejeta inayoziba kwa ndani. Hakuna hata kimoja kinachopiga kelele mpaka karibu na mwisho wake. Kwa hiyo gari linalodumu na gari linalokwisha yote mawili yanaweza kuwa kimya sasa hivi, na kimya hicho hakiwezi kuyatofautisha. Kinachoyatofautisha ni kasi ya mabadiliko, na kasi huwezi kuiona kwa ukaguzi wa siku moja, hata ungefanywa na fundi bora kuliko wote katika gereji za Gerezani. Ndiyo maana nakuomba ununue daftari dogo, uliweke ndani ya dashibodi, uanze kuandika.

Nikupe mfano wa hesabu. Chukua magari mawili yaliyokula lita moja ya oili kila moja ndani ya kilomita 15,000. La kwanza lilikula lita 0.3 katika kilomita 5,000 za mwanzo, 0.3 katika 5,000 zilizofuata, kisha 0.4. La pili lilikula 0.1, kisha 0.3, kisha 0.6. Ukiuliza kila moja limekula kiasi gani, jibu ni lilelile. Ukiuliza linaelekea wapi, la kwanza ni gari la makamo lenye tabia yake, na unaweza kuishi nalo miaka mingi kwa kubeba kopo la oili kwenye buti. La pili linaelekea kufunguliwa injini. Mtu anayepima mara moja hawezi kuyatenganisha, na mtu asiyepima kabisa atayatenganisha siku ambayo taa nyekundu ya oili itawaka katikati ya foleni ya Ubungo. Pima kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali palepale pa usawa: chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, andika. Na usikubali oili iongezwe bila kuandikwa. Fundi mwema anayejaziajazia kimyakimya wakati wa sevisi anakufutia ushahidi bila kujua. Mwambie amwage oili ya zamani kwenye chombo chenye alama za lita, ili ujue iliyotoka ni ngapi kati ya iliyoingia.

Jambo ninalolihofia zaidi kwa gari lako ni joto, na hapo nitakaa kidogo. Magari mengi madogo ya Japani ya kizazi hicho hayana sindano ya kuonyesha joto la injini. Yana taa mbili: ya bluu inayowaka injini ikiwa bado baridi, na nyekundu inayowaka ikiwa imeshachemka. Watu huiogopa nyekundu na kuipuuza bluu, kumbe bluu ndiyo inayokupa habari mapema. Ndani ya injini kuna thamostati, kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka joto lifike takribani nyuzi 80 za Selsiasi. Katika gereji zetu nyingi, gari likichemsha, dawa ya kwanza ni kuing'oa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto haiihitaji. Gari likiacha kuchemsha, kila mtu anaridhika. Lakini chanzo chenyewe bado kipo: rejeta iliyoziba, feni inayochelewa kuwaka, mfuniko wa rejeta uliolegea, au gasketi ya silinda hedi iliyoanza kuachia. Kilichoondolewa ni dalili tu. Juu ya hayo, injini sasa inakwenda ikiwa baridi kupita kiasi barabara ikiwa wazi, kompyuta yake inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, na unyevu unabaki ndani ya oili badala ya kukauka.

Basi ipime taa ya bluu kwa saa. Kwa asubuhi zetu inapaswa kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Andika ni ngapi. Ikichukua muda mrefu isivyo kawaida, au ikiwaka tena wakati unakwenda kwa kasi barabara ikiwa nyeupe, ulizia thamostati kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Kisha bandika kipande cha utepe kwenye chupa ya akiba ya maji, mstari wa leo, injini ikiwa baridi. Mfumo huo umefungwa. Maji yakishuka chini ya utepe, yapo mahali yanakokwenda, na kuongeza tu bila kutafuta ni kuahirisha gharama. Bonyeza pia mpira wa juu wa rejeta asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiukuta mgumu kana kwamba una presha, wakati gari limelala usiku kucha, kuna uwezekano gesi ya silinda inapenya kwenye maji, nayo ni dalili inayotangulia kuchemsha kwa muda mrefu. Usiweke maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo haina rehema na alumini. Weka kulanti iliyo sahihi hata kama ni ghali kuliko ndoo ya maji.

Sasa zile kilomita 78,000. Kwanza hakikisha ni za kweli: linganisha na karatasi ya mnada na cheti cha kufuta usajili kilichokuja na gari kutoka Japani. Tuseme ni za kweli. Bado hazikuambii unachodhani. Kilomita 78,000 kwa karibu miaka ishirini ni takribani 4,000 kwa mwaka, na gari linalotembea kidogo hivyo huenda lilikuwa la safari fupifupi za sokoni, ambapo oili haipati muda wa kupata moto vizuri. Fungua mfuniko wa kumiminia oili, mulika kwa tochi. Rangi ya dhahabu iliyoiva ni habari njema. Ukoko mweusi unasema oili ilicheleweshwa kubadilishwa, hata kama kilomita ni chache. Na mpira huzeeka kwa miaka, hauhesabu kilomita. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la umri wa miaka kumi lisikudanganye.

Kilomita zina udhaifu mwingine unaokuhusu wewe hasa. Ukitumia saa nne kwa siku kwenda na kurudi kilomita 80, mwendo wako wa wastani ni kilomita 20 kwa saa. Kilomita 5,000 za kwako ni saa 250 za injini kunguruma. Mwenye gari linalopiga safari za Dodoma kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, anafika kilomita hizohizo kwa saa 83 tu. Kibandiko cha sevisi kinasema 5,000 kwenu nyote wawili, ilhali oili yako imefanya kazi mara tatu ya yake, nyingi ikiwa kwenye foleni bila upepo wa kutosha kwenye rejeta. Injini yako ya 2NZ inatumia mnyororo badala ya mkanda, jambo jema, lakini mnyororo huo uhai wake ni oili safi. Badilisha oili kila kilomita 4,000 na usione unapoteza fedha. Gia boksi nayo haipendi foleni. Ya kwako ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, si CVT kama ya magari mengi yaliyofuata. Inataka oili ya aina ya T-IV, wala usikubali kuwekewa yoyote iliyopo dukani kwa sababu ni nyekundu.

Najua utanijibu kwamba Toyota haifi, na mjini pamejaa IST. Hoja hiyo ina ukweli, lakini tuichambue. Magari unayoyaona barabarani ni yale yaliyobaki hai. Yaliyokufa hayapiti mbele yako, yamegeuka spea. Fundi naye anaona upande wa pili tu, wagonjwa, ndiyo maana kila fundi ana gari moja analolichukia kupita haki. Hakuna kati yenu anayeliona kundi zima. Nembo pia haitoshi. Toyota hiyohiyo ilitengeneza injini ya 2AZ ya lita 2.4, ambayo katika baadhi ya miaka ilikula oili kiasi kwamba kampuni yenyewe iliongeza dhamana kwa wateja wa Marekani. Na 1ZZ za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa tabia hiyohiyo kabla pistoni zake hazijabadilishwa. Wingi wa IST kwenye teksi za mtandaoni unathibitisha kitu cha thamani, ila si kile unachokitaja: unathibitisha kwamba gari hilo hutengenezeka. Spea zipo, mafundi wanalijua, bei zinavumilika. Kutoharibika ni kitu kimoja, kutengenezeka upesi ni kingine. Ukivichanganya, utaacha kupima kwa kuwa spea ni rahisi, na silinda hedi iliyopinda kwa joto si rahisi kwa mshahara wa mtu yeyote tunayemjua.

Kuhusu kompyuta ya fundi: inasoma vihisio. Haioni bushi iliyopasuka, kutu chini ya sakafu, wala mpira wa maji uliovimba, na makosa yake hufutika kwa dakika moja kabla gari halijauzwa. Kutu utaiona gari likipandishwa juu. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji kama Hokkaido hupitia barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kutu inayobanduka kwa maganda kwenye maungio au kwenye mabomba ya breki ni jambo la kushughulikia mwezi huu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko hayo yote, nalo ni kwamba vipimo vya mtu wa kawaida vinayumba. Wiki hii umewasha kiyoyozi muda wote, wiki ijayo mvua imeongeza foleni, bomba la kituo hiki linakata mapema kuliko la kile. Ni kweli. Kwa hiyo usishtuke kwa mstari mmoja wa daftari. Jaza tanki kituo kilekile mpaka bomba likate, gawanya kilomita kwa lita, ukaangalie mistari mitatu inayofuatana. Kutoka 13 kwenda 11 halafu kurudi 13 ni hali ya barabara. Kutoka 13 kwenda 12, 11.5, hadi 11 bila sababu inayojulikana ni gari linakuambia jambo. Na pima kwa lita, usipime kwa shilingi: EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo aliyezoea kusema gari lake linakula mafuta ya elfu hamsini kwa wiki anapima soko la mafuta, hapimi injini yake.

Kazi yote hii haizidi dakika kumi kwa wiki. Anza Jumamosi hii: kijiti cha oili, utepe kwenye chupa ya maji, dakika za taa ya bluu, na tanki la kwanza. Usibadilishe kitu chochote kabla ya kuandika hali ya sasa, isipokuwa ukikuta hatari ya breki au tairi. Ukifikisha kilomita 3,000 nyingine, piga picha kurasa hizo unitumie, tuangalie pamoja kama gasketi na pete zinahitaji kupimwa kwa mgandamizo wa silinda, au kama fedha hiyo iende kwanza kwenye mipira ya maji. Msalimie mama yako, mwambie nitampigia mwisho wa juma.

Ni mimi mjomba wako